Wa Katikati

Jamani, mnicheke tu, maana hata mimi nikikaribia ile maabara navuka barabara nikapite upande wa pili.

Mama mkwe aliteremka kutoka Mkuyuni ameshika kiuno, na kwa kuwa mke wangu alikuwa kazini Turiani, ikabidi nimpeleke hospitali mimi, mimi ambaye tangu nioe nilikuwa nikishamwamkia shikamoo nainamisha kichwa na kutafuta mlango (mkwe huyo, si mtu wa kupiga naye soga). Daktari akaagiza mkojo upimwe, akasema zikionekana chembe nyeupe nyingi za damu, basi ni maambukizi, atalazwa achomwe sindano. Mama akanyong'onyea. Jumapili ile mjukuu wake alikuwa anapokea komunyo ya kwanza.

Dada wa maabara akanipa kikopo. "Mwambie mama anawe vizuri, wa mwanzo aumwage, alete wa katikati."

Sasa maneno hayo unamwambiaje mama mkwe? Nikamkabidhi kikopo huku nimeikodolea macho dari: "Mama, wamesema katikati tu." Akaenda, akarudi amekifunika kwa upindo wa khanga.

Dada akachovya kijiti, na baada ya muda kidogo kile kipande cha kupima chembe nyeupe kikageuka zambarau, nami nikaanza kuziona sindano. Akauzungusha mkojo kwenye mashine, akayatazama mashapo kwa hadubini, kisha akatoa kichwa dirishani, benchi zima linasikia: "Chembe nyeupe zipo, lakini seli za ngozi zimejaa tele, huu umezoa uchafu wa njiani. Kaka, ulimwambiaje mama?"

"Katikati," nikasema.

"Na mimi nimejaza mpaka katikati," mama akajitetea, "hata tone halijazidi!"

Watu wakaangua kicheko. Nikamnong'oneza, hakusikia (sikio lake moja zito), nikarudia, akasema "Ee?", mwisho nikapaza sauti, na kicheko nacho kikakatika wakati huohuo: "Mama, nawa kwanza, kojoa kidogo chini, halafu ndiyo ukinge!"

Nilitamani ardhi ipasuke. Mama akanitazama, akachukua kikopo kipya, akaenda.

Safari hii kijiti hakikubadilika rangi, na kwenye hadubini chembe nyeupe zilikuwa moja moja tu, za mtu mzima wa afya. Daktari alipombonyeza mgongo ikajulikana ni ile mikungu ya ndizi aliyoiteremsha mlimani kwa kichwa, akapewa dawa ya kuchua.

Tukiwa tunatoka, nimeshajiandaa kutomtazama usoni maisha yangu yote, akanishika mkono. "Baba, kumbe una sauti! Siku zote hizi nilidhani hunipendi."

Iliniuma, sitaki kuwaficha. Heshima yangu ilibaki kidogo tu imlaze mama wa watu siku ya komunyo, na kumbe ilikuwa ikimuumiza tangu harusi. Nimeapa, nikitumwa neno kwake nalifikisha lote: la mwanzo, la katikati na la mwisho.