Kamera Iliyolala Ukweni

Kazi yangu ni kufunga mizigo chini ya matumbo ya droni. Nikisema hivyo pale Bukoba mjini, watu hucheka kwanza, kisha huniuliza kama na mimi hupanda. Sipandi. Droni zetu zina reli ya aluminiamu tumboni, yenye matundu na vibano, na reli hiyo hukubali chochote: leo kamera ya kupiga picha migomba inayougua, kesho tangi la kunyunyizia dawa, keshokutwa boksi la chanjo. Unabonyeza kibano, unachomoa hiki, unapachika kile. Naipenda sana ile reli, kwa sababu haina ubaguzi.

Mama wa mchumba wangu hakuona cha kupenda. Yeye ni muuguzi katika zahanati ya kisiwa kimoja cha Muleba, na binti yake alipomweleza kazi yangu, aliuliza swali moja tu: "Kwa hiyo ni utingo wa ndege?" Mchumba wangu alinisimulia huku akifuta machozi ya kicheko. Mimi sikucheka. Mshenga wangu alikuwa ameshavuka na kurudi bila jibu, na bila neno la yule mama hakuna ndoa. Hata mumewe alikuwa akisubiri kusikia yeye anasemaje.

Kwenda mwenyewe? Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Naogopa ziwa. Nimezaliwa Kanazi, katikati ya migomba na mibuni, na maji ninayoyaamini ni yale yaliyomo ndani ya ndoo. Kila nilipoalikwa kisiwani nilikuwa na udhuru: mvua, kazi, jino. Jino hilo liliuma mpaka mchumba wangu akaacha kuniuliza hali yake.

Basi ikafika siku ya majaribio. Droni ilitakiwa kuondoka ufukweni Muleba, ipeleke chanjo kwenye zahanati ileile, kisha irudi na boksi tupu. Bosi wangu, mhandisi asiyejua kusubiri, alikuwa amewaalika wakubwa wa wilaya na kuwapangia viti vya plastiki. Droni ikaruka, ikavuka, ikatua. Makofi yakapigwa. Halafu haikurudi.

Simu yangu ikaita. Bosi akaniamuru niweke sauti ya nje.

"Huyu mdudu wenu ana nini?" alisema mama mkwe, au tuseme mama niliyekuwa namwomba awe mkwe. "Nimeshamfungia mzigo wake, anapiga kelele tu, haondoki."

"Shikamoo, Mama. Mzigo gani?"

"Marahaba. Senene wa kukaanga, samaki wa kubanika, na ndizi mbivu kidogo."

"Boksi lilitakiwa kurudi tupu, Mama."

"Waitu! Chombo kije kwangu na kitu, mimi nikirudishe kitupu? Kwani sikulelewa?"

Wakubwa wa wilaya wakatikisa vichwa kumuunga mkono. Bosi akaninong'oneza, "Mwambie atoe." Ni rahisi kusema kama si wewe unayeposa. Kukataa senene wa msimu kutoka mkononi mwa mama wa binti ni sawa na kumkataa binti mwenyewe. Nikiwakubali, uzito umezidi, droni inabaki kule ikilia, na hakuna atakayeiamini tena.

Ndipo nikaikumbuka reli. Mbele ya boksi tulikuwa tumepachika kamera nzito, ili wageni waone safari.

"Mama, kuna kitu chenye jicho la kioo. Bonyeza vibano vyake, kitatoka, ubaki nacho. Kisha lisogeze boksi katikati mpaka usikie limebana."

Lilibana. Droni ikanyamaza, ikainuka. Bosi alinishika mkono wa shati: "Kamera hiyo utaifuata wewe mwenyewe!" Nilikuwa nimeshaitikia kabla sijakumbuka kwamba kule hakufikiki kwa bodaboda.

Wageni walikula senene wamesimama, na mkubwa mmoja akauliza majaribio mengine ni lini. Aliyekula wengi kuliko wote ni bosi.

Mimi nilivaa jaketi la kujiokolea kuanzia stendi ya Muleba, watu wakinitazama. Ndani ya boti nilisali sala zetu zote za Kilutheri, zilipokwisha nikaazima za Kikatoliki. Nilitapika njia nzima. Nilifika kwa yule mama nimelowa, nanuka, nikaikuta kamera mezani, imewekewa kitambaa cha kufuma kama redio ya zamani.

"Umekuja," alisema.

"Nimefuata kamera, Mama."

"Kamera ningeifunga kwa yule mdudu akija tena. Kufunga si umenifundisha?" Alinitazama kuanzia kichwani hadi kwenye viatu vilivyojaa maji. "Mshenga amekuja. Salamu zimekuja. Ndege imekuja. Nikawa najiuliza, siku binti yangu akija kujifungulia hapa kwangu, uzazi ukanishinda, huyu mtu atavuka, au atatuma boksi?"

Sikuwa na udhuru wowote.

Akanisogezea kahawa ya kutafuna, ile anayopewa mgeni aliyekaribishwa.

"Tafuna, mwanangu," alisema. "Boti ya kurudi ni kesho."