Siri kwa Kigiriki

Baba yangu alisoma seminari kule bara miaka sita, kisha akaacha na kuja Temeke kuwa karani. Upadri ulimponyoka, Kigiriki kikabaki. Mtaani alikuwa balozi wa nyumba kumi, na watu walimwogopa kidogo.

Mwaka wa msako wa wasio na kazi, alitakiwa kupeleka majina. Nyumbani kwetu alikuwepo mdogo wake, baba yangu mdogo, aliyeshinda kitandani kutwa. Chumba cha uani alipanga Mmakonde mchonga vinyago na mkewe. Mtu yule alichonga tangu alfajiri hadi jua kuzama, ila hakuwa na mwajiri wala kitambulisho cha kazi.

Nilikuwa binti wa miaka kumi na mitatu. Nilimpelekea baba chai, nikaona karatasi mezani. Jina la mchongaji limo. La baba mdogo halimo.

"Baba, mbona huyu anafanya kazi?"

Hakukasirika. Alinivutia kiti kama mwanafunzi wake. "Kwa Kigiriki siri ni *musterion*. Asili yake ni kitenzi cha kufumba. Zamani Wagiriki walipomwingiza mtu kwenye ibada zao za ndani, alikatazwa kabisa kutoa nje aliyoyaona. Hata sisi tunasema fumba, tukapata fumbo. Umeelewa?"

Nilielewa. Tena, Mungu anisamehe, nilijiona msomi.

Kesho yake mgambo walimpakia mchongaji kwenye lori, akapelekwa kijijini kulima. Mkewe alinishika mkono bombani.

"Mwanangu, nani kamwandika mume wangu?"

"Sijui, mama."

Mumewe alirudi baada ya misimu miwili, anakohoa, mkono wa kulia hauwezi tena kushika patasi. Alikuja kumshukuru baba kwa kutomfukuza mkewe chumbani. Baba alizipokea shukrani zile, akamuuliza habari za mvua huko. Mwaka haukuisha, tukamzika.

Baba naye alipofariki, nilimtafuta yule mjane hadi Mbagala, nikamweleza yote. Alikuwa anapepeta mchele.

"Nilijua," alisema. "Baba yako mdogo aliniambia asubuhi ileile ya lori, kalewa, analia. Mume wangu aliporudi sikumwambia, angeua mtu."

"Sasa kwa nini uliniuliza mie?"

"Nilitaka kuona kama nyumba ile ina mtu."

Akaendelea kupepeta. Hakunikaribisha kukaa. Nilisimama pale mpaka pumba zikanijaa miguuni, kisha nikaaga.