Kiingereza cha Kuamia Ndege

Itangazwe kwa wenye vyeti na wasio navyo: dawa ya Kiingereza cha taifa hili imepatikana Lumemo, juu ya kichanja cha miti, katikati ya mpunga wa mwalimu Agnella. Wataalamu wenye projekta mnaweza kupumzika.

Mchezo wenyewe ulikuwa hivi. Kila Jumamosi, tangu mpunga uanze kuiva, darasa la sita lilijigawa pande mbili. Wa kichanjani walipaza sauti, "I eat!" Wa chini wakajibu, "I don't eat!" Juu, "I ate!" Chini, "I didn't eat!" Anayekosea alilizunguka shamba mbio huku akipiga debe. Ndege, ambao hakuna aliyewaandikisha shule, waliruka kwenda kula kwa jirani.

Balaa ni kwamba watoto walianza kuelewa. Makosa yakaisha, debe likanyamaza, kwelea wakarudi kama wageni waalikwa. Agnella akaona shamba linakwenda. Akaleta won't. Debe likafufuka, mwalimu akatafuna muhogo wake kwa amani.

Ndipo akatokea Sebastiani, baba yake Justa, akikokota baiskeli, uso kaukunja.

"Mwalimu, habari za kazi."

"Nzuri, baba Justa. Karibu."

"Kazi naiona. Masomo ndiyo siyaoni. Mwanangu anaamia ndege wako, wangu ataamia nani? Jumatatu nakwenda kwa mwalimu mkuu. Justa, shuka twende."

Agnella akautazama mpunga wake, bado kidogo tu uvunwe. Watoto hawa wakiondoka, atavuna mabua.

Kule juu, Justa alimwangalia baba yake kama mchezaji aliyechelewa zamu. "I won't go," akasema. "I didn't finish."

"Anasemaje?"

"Anasema haendi, hajamaliza."

"Amenikatalia?"

"Amekukatalia, baba Justa."

"Kwa Kiingereza?"

"Tena hajakosea."

Kofi na fahari viligombana usoni mwa Sebastiani hadi fahari ikashinda. Akaiegemeza baiskeli kwenye kichanja.

"Basi kesho, misa ikiisha, mje kwangu. Nina majaruba matatu ya mpunga, na ndege wa kule hata yes hawaijui." Akashusha sauti kwa heshima. "Lakini mwalimu, ufundishaji huu umeusomea chuo gani?"

"Nilikosa mtu wa kuamia," akasema Agnella.