Baba Nestori Alivyosimama Golini

Nakumbuka siku moja ya mavuno kule Mamba, mwanangu, enzi hizo nikiwa msichana wa kubeba nusu gunia la mpunga bila kuguna. Bibi yangu mzaa baba alikuwa ameachwa nyumbani. Baba aliona mama yake amezeeka, akamwekea kigoda kivulini, uji na maji, akamwambia apumzike. Hakumwonea. Alimpenda.

Jua lilipopanda tukamwona bibi anakuja juu ya kingo za majaruba ya mpunga, fimbo mkononi, tope limemfika magotini. Baba akakimbia kumshika. Bibi akamzuia kwa fimbo ileile.

"Nyie wanangu mmeniheshimu mpaka mmenizika," akasema. "Nipeni hata ndege niwafukuze."

Akapewa ndege. Alipiga kelele mpaka jioni, sauti ikamkauka, na ugali wa siku ile aliula kama kijana. Mimi nilicheka tu. Mwenye magoti mazima hajui goti ni nini.

Miaka ikaenda. Nikaolewa, nikazaa, nikazeeka hapa Misunkumilo pamoja na mume wangu, Baba Nestori. Naye siku moja akateleza bafuni, akavunjika nyonga. Hospitali walimtengeneza vizuri, mfupa ukaunga. Moyo ndio haukuunga. Nestori, kifungua mimba wetu, akanunua kiti kikubwa chenye mito, akakiweka mbele ya runinga.

"Baba, usinyanyuke," akamwambia. "Ukitaka kitu, ita."

Baba Nestori akatii. Akiita maji, analetewa. Akitaka kwenda msalani, tunamshika kwapani, mmoja huku mwingine huku, tunampeleka kama mzigo. Mwisho akawa anaona haya hata kuita. Akaacha kuzungumza. Jioni moja akanitazama akaniita kwa jina la dada yake, marehemu. Nilikwenda jikoni nikalia, mwanangu, na wala sikuwa namenya kitunguu.

Binti yetu Devota ndiye aliyeleta gemu. Yeye kazi yake ni kuwazoeza viungo wagonjwa, huko Mwanza, na alipokuja likizo alikuwa amekwisha kuzungumza na daktari wa baba yake. Akaweka kamera ndogo juu ya runinga. Ukisimama mbele yake inakuona. Ukiinua mkono, na yule mtu wa kwenye runinga anainua. Kulikuwa na mchezo wa kupiga kasia, na wa kuchuma matunda, na mmoja wa golikipa: mipira inakujia, wewe unaidaka hewani kwa mikono mitupu.

"Mambo ya watoto hayo," Baba Nestori akasema. Ndiyo maneno yake ya kwanza siku ile.

Devota hakubishana naye. "Basi Mama acheze."

Nikakaza khanga kiunoni, nikasimama. Mpira wa kwanza ukapita. Wa pili ukapita. Mimi napunga mikono kama mtu anayefukuza nzi. Sasa, ujue kwamba mume wangu ujanani alidakia timu ya vijana wa Majimoto, na golikipa hawezi kuvumilia uzembe ule.

"Mama Nestori!" akafoka. "Unatazama mikono ya nini? Tazama mpira! Hebu toka hapo!"

Devota akamsogezea baba yake kiti kigumu, kisicho na mito, naye mzee akacheza amekaa. Kesho yake tena. Kuna siku alikataa kabisa, kuna siku umeme ulikatika akakasirika kuliko mtoto. Lakini haba na haba hujaza kibaba. Ikafika wakati akasimama, mkono mmoja umeshika mgongo wa kiti, Devota yuko nyuma yake.

Hapo ndipo Nestori alipoingia.

"Nani kamsimamisha Baba?" akapiga kelele. "Mnataka avunjike tena?"

"Daktari ameruhusu, kaka," Devota akasema.

"Nyie hamkumbeba siku ile. Mimi nilimbeba. Alikuwa mwepesi kama mtoto." Akamsogelea baba yake. "Akianguka tena, mimi nitafanyaje?"

Nikamweleza Nestori habari za bibi yangu na yale majaruba. Alisikiliza ameinama. Sikumlaumu, hofu yake ilikuwa upendo uliokosa njia. Ndipo Baba Nestori akasema, bila kugeuka, "Nestori, simama nyuma yangu. Usinishike. Simama tu."

Nestori akasimama, mikono ameitandaza. Mpira ukaja juu, upande wa kushoto. Baba Nestori akaachia kiti, akaudaka kwa mikono yote miwili.

Sitakudanganya, gemu halikumrudishia ujana. Anatembea na mkongojo, na majina mengine bado yanampotea. Lakini wazee wenzake sasa wanakuja Jumapili baada ya ibada, wanagombania zamu, wanabishana nani kafungwa kizembe. Na asubuhi moja mimi na Nestori tukiwa uani tulimwona anatoka peke yake, hatua kwa hatua, mpaka msalani. Akaingia. Tukamsikia akifunga komeo mwenyewe. Nestori akageukia ukutani akajifuta macho.

Mwanangu, mzee wako akianguka, mwinue. Ila ukishamwinua usimgeuze sanamu. Waulize wanaojua tiba ni kipi anachoweza, kisha mwachie akifanye, hata kama kinaonekana ni mchezo. Cheza naye, wala usione haya. Kaa karibu kiasi cha kumdaka, lakini usimshike kabla hajayumba. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Mungu akupe wazazi wa kuwatunza na miguu ya kuzeekea. Na zamu yako ikifika, akuzungushie watu watakaokupenda bila kukukalisha. Amina.