Mama Sponji, Makochi ya Watu na Mashine ya Kupima Chumba

Katika ukoo wetu, masikio nilipewa mimi. Shule niliishia darasa la sita, sikatai, lakini gari likipita nje nakuambia fundi wake ni mvivu au ni mwongo. Dada yangu mdogo yeye alipewa mikono. Mpe fremu ya mbao iliyochoka kuishi, misumari na sponji, atakurudishia kochi ambalo ukikaa huinuki mpaka uitwe mara tatu. Mtaani wanamwita Mama Sponji, na anaitika.

Mikono hiyo ilikula masikio. Miaka ishirini na saba ya cherehani ya umeme na nyundo imemwachia masikio yanayosikia ngurumo yasisikie maneno. Kwenye filamu, milipuko anaipata yote. Mazungumzo yanampita kama mtu anayemdai. Ndiyo maana kila Jumapili mchana mumewe, dereva wa lori mwenye maneno machache kuliko lori lenyewe, hukaa ubavuni mwake akimnong'oneza: "Anasema anaondoka. Huyu anamwambia asiondoke." Miaka sita ya ukalimani bila likizo.

Mwaka huu dada akasema basi.

"Namchosha mwenzangu," aliniambia, misumari mitatu mdomoni. "Yeye haoni filamu, anaona sikio langu. Ama nisikie mwenyewe, ama Jumapili nitakuwa karakana nashona."

Nikajua jambo limefika kwa mwenyewe. Nikamshika mkono, tukaenda duka la vyombo vya sauti.

Muuzaji alikuwa binti mwenye miwani na subira. Akatueleza kwamba tunachotafuta ni risiva: sanduku linalopokea sauti ya filamu na kuigawa kwa spika tano, ya katikati ikibeba maneno. Zilizo nzuri zina programu ya kupima chumba. Unaweka maikrofoni ndogo pale unapokaa, spika zinatoa milio, mashine inasikiliza kuta zinavyoirudisha, kisha inajirekebisha yenyewe.

"Hayo nayajua tangu hujazaliwa," nikamwambia.

"Sawa mzee."

"Mzee ni baba yako."

Zilikuwepo mbili. Moja ndogo, nyeusi, sura ya sanduku la viatu. Nyingine kubwa, taa mbele kama harusi, nzito hata nikashika kiuno kabla ya kuinyanyua. Sikuuliza swali. Mtu mzima hanunui sanduku la viatu. Binti akaturuhusu tukaijaribu, na spika zake, kwa wiki moja.

Ujue kwamba sebule ya dada ndiyo stoo yake. Wiki ile kulikuwa na makochi manane ya hoteli moja, yamekwisha, yamepangwa mpaka dirishani, na marobota ya kitambaa yameegemea ukuta. Tukapenya, tukaweka maikrofoni kwenye kiti cha dada, usawa wa sikio. Mashine ikaanza kulia: fyuuu, fyuuu. Nikakohoa. Kwenye televisheni yakatokea maandishi: chumba kina kelele, anza upya. Tukaanza upya. Nikakohoa tena.

"Hata mashine imekujua," dada akasema. Nikatolewa nje ya nyumba ya dada yangu wa tumbo moja.

Lakini kipimo kilipokwisha, Ijumaa ile! Maneno yalitoka yamekaa sawa, moja moja, kama vifungo. Dada alimsikia mtangazaji wa habari, akambishia. Nilizunguka mtaa mzima nikipokea pongezi, nyingine nikiziomba.

Jumamosi hoteli wakaja na gari wakachukua makochi yao na kitambaa chao chote. Jumapili tukawasha filamu, na maneno yakawa yanagonga ukuta na kurudi kutuuliza njia. Nilimwona shemeji akisogea taratibu kuelekea sikio lile. Dada akainuka, akafunga aproni yake.

Jumatatu asubuhi niliitua mashine juu ya meza ya binti wa miwani, na dada nyuma yangu. "Mmetukabidhi mgonjwa!"

Binti akasubiri nimalize. Ilichukua muda. Kisha akauliza: "Mlipoipima, chumbani kulikuwa na nini?"

Kabla sijajibu, dada alikuwa ameshika mbavu kwa kicheko. Mtu aliyekata sponji maisha yake yote anajua sponji hunywa sauti. "Kaka, tumempima mteja akiwa na makoti manane, halafu tunalia shati linampwaya!"

"Basi tutapima kila makochi yakitoka," nikasema kwa hadhi.

"Makochi yanatoka kila wiki. Wewe utakohoa kila wiki?" Akamgeukia binti. "Mwanangu, hakuna inayokumbuka vipimo viwili? Cha chumba kikijaa na cha chumba kitupu?"

Binti akanyoosha kidole. Unajua kilielekea wapi. Lile kubwa la taa lilikuwa linakumbuka kipimo kimoja tu. Sanduku la viatu lilikumbuka vipimo vitatu, na unabadilisha kwa kitufe. Dada hakunitazama hata kidogo, na hiyo ndiyo heshima kubwa aliyowahi kunipa.

Tukaondoka na sanduku la viatu, tukapima chumba kitupu siku ileile. Kipimo cha chumba kilichojaa kikangoja makochi mapya. Mimi nilikaa uani kwa hiari yangu.

Jumapili dada akachagua filamu yake ya zamani, aliyoitazama mara tatu kwa kinywa cha mumewe. Yuko sebuleni, miguu juu ya kochi, anasikia kila neno, anatukatia sisi kauli: "Nyamazeni!" Ikafika pale mume anamuaga mkewe kituoni. Dada akainama mbele. Mume yule akamshika mkewe bega, akasema: "Usisahau kulipa umeme." Akapanda basi.

Dada akasimamisha picha.

"Baba watoto. Siku zote hapa uliniambia amesema, 'Bila wewe mimi ni gari lisilo na usukani.'"

Shemeji akachunguza kucha zake. "Nilikuwa... nafupisha."

"Umeme na usukani, wapi na wapi?"

"Nilimwona yule mke anasikitika. Na wewe ulikuwa unanitazama."

Nilicheka mpaka nikatafuta ukuta. Dada hakucheka. Alikuwa amevimba mashavu kama msichana aliyefichwa zawadi. Akarudisha filamu nyuma mpaka kituoni, akazima sauti kabisa.

"Haya," akamwambia mumewe, akisogeza sikio. "Sema tena. Na wewe kaka, nenda uani ukakohoe."