Mtamba Aliyezikwa na Ngozi Yake

Ukifika Naro Moru ukaulizia habari za Ngendo, utaambiwa kwanza kwamba yule mama ni mkaidi. Ni kweli kabisa, tena ni bahati ya majirani zake.

Marehemu mumewe alimwachia ng'ombe wachache, na fahari ya boma ilikuwa mtamba mmoja mweusi, mnene, aliyekaribia kupandishwa. Asubuhi moja baada ya mvua mtamba akaanza kuchechemea. Ngendo akabonyeza paja lililovimba, akasikia ndani yake mlio kama wa karatasi kavu. Aliijua dalili hiyo, maana daktari wa mifugo aliwahi kuwaeleza wafugaji: ni chambavu, ugonjwa wa ng'ombe unaovimbisha misuli na kuua upesi. Kufikia adhuhuri mtamba alikuwa amekufa.

Huko kwao ng'ombe akifa ghafla hatupwi. Majirani huja na visu, nyama ikagawanywa, ngozi ikaburutwa hadi barabarani kumsubiri mnunuzi. Machozi hayajamkauka, shemeji yake Nderitu huyo uani na karai, majirani nyuma yake.

"Haguswi," Ngendo akasema.

"Mama Wamae, nyama kama hii tumekula tangu tukiwa watoto. Ni nani aliugua?"

"Hakuna. Hicho kidudu hakina shida na watu, shemeji, kinataka ng'ombe. Ukipasua hapa, damu inaingia kwa mchanga na mbegu zake zinakaa huko miaka na miaka. Na ng'ombe yako na yangu zinakula nyasi moja."

"Ati uzike nyama na watoto wako na njaa?"

Hayo yalimchoma, kwa sababu njaa haikuwa uongo. Hata hivyo hakusogea. Alichimba shimo pale pale mtamba alipoangukia, mikono ikatoka malengelenge, nao wakaenda zao wakimsema. Kesho yake akamwita daktari aje kuchanja ng'ombe wa mteremko mzima. Nderitu alileta wake, uso ameukunja.

Mvua zilizofuata, ng'ambo ya kijito, ambako wenyeji walikuwa wamemchuna malishoni ndama wao aliyekufa kwa chambavu, mitamba walikufa mmoja baada ya mwingine. Upande wa Ngendo hakufa hata mmoja.

Majuzi katika soko la mifugo Nanyuki, mchuuzi Hashi alisifu mafahali wa Nderitu, akauliza siri yake. Nderitu akamvuta Ngendo mbele ya watu wote.

"Ni huyu," akasema. "Alininyima nyama. Ndiyo sababu niko na ng'ombe."