Mbingu Isiyo na Bahari

Kandambili ndizo nilizozisikia kwanza, kabla sijafumbua macho. Juzi, katika nyumba niliyopanga Dar es Salaam, wapangaji wa juu walikuwa wakishuka ngazi kwenda kuswali alfajiri, na kwa kitambo sikuwa mtu mzima tena. Nilikuwa Michenzani, Unguja, ghorofa ya nne, nina miaka minane, nimelala nasikiliza jengo zima likishuka kumwendea Mungu, isipokuwa sisi.

Sisi tulikuwa wawili, mimi na Mama. Baba, aliyemtoa Mama kwao Urambo, bara, akamleta kisiwani alipopata kazi katika mashamba ya Kizimbani, alifariki kabla sijaanza shule. Mama akabaki na cherehani, akishona sare za watoto wa watu. Jumapili tulikwenda kanisani. Siku nyingine ibada ilikuwa mezani kwetu, baada ya magharibi. Mama alisogeza vitambaa kando, akaifungua Biblia pale ilipozoea kufunguka yenyewe, mwishoni kabisa, kwenye Ufunuo. Watoto wengine walisimuliwa sungura na fisi; mimi nilisimuliwa mnyama mwenye vichwa saba. Wala sikumwogopa. Kilichonitisha ni pale Mama alipopunguza sauti akasoma kwamba Yohana aliona mbingu mpya na nchi mpya, na bahari haikuwapo tena. Hapo alisema "Amina" kabla hata ya kumaliza sura, kama mtu mwenye kiu aliyepewa maji.

Nyinyi mliozaliwa visiwani mtanielewa. Kisiwa kikinyang'anywa bahari, kinabaki nini?

Nilimpelekea habari hiyo Rukia, jirani yetu wa mlango wa pili, aliyekuwa anatoka chuoni kusoma Kurani, juzuu kaikumbatia kifuani.

"Bahari itaondoka," nilimwambia.

"Ende wapi?"

"Sijui. Isa akirudi."

"Nabii Isa atashuka Sham, mbali huko," alisema, kama anayenielekeza njia ya sokoni. "Mpaka habari ifike Michenzani, sisi tushaoga pwani zamani." Akaihamishia juzuu kwapani. "Lakini mwambie mama'ko asiiombee hiyo. Sisi Idi tutakwenda kutembea wapi?"

Jioni ile nikamuuliza Mama, bahari ikiondoka sisi tutakuwa wapi. Alikuwa akitunga uzi kwenye sindano, jicho moja kalifumba.

"Tutakuwa njiani."

"Tunakwenda wapi?"

"Kwa bibi yako. Kwa miguu."

Nilidhani ananitania. Tangu hapo, yeye alipomwomba Bwana aje upesi, mimi chini ya sauti yake niliomba langu: njoo, lakini bahari iache. Hakuna upweke kama huo, kukaa meza moja na mama yako, mkimwomba Mungu mmoja, kila mtu akivutia kwake.

Kisha Bibi akaugua. Mjomba alipiga simu mchana kutoka Urambo, na Mama akafunga mkoba akaenda bandarini. Akarudi. Upepo ulikuwa mkali, boti zimezuiwa. Kesho yake akaenda tena, akarudi tena, akaketi kitandani na viatu miguuni. Hapo ndipo simu ilipolia. Alisikiliza muda mrefu.

"Naam, kaka," alisema. "Mzikeni. Msinisubiri."

Bi Fatma, mama yake Rukia, aliingia na bakuli la uji, akaketi mkekani karibu na miguu ya Mama.

"Umekula?"

"Nshakula, Bi Fatma."

"Nani aliyekupikia? Cherehani?"

Mama akacheka, na kicheko kikageuka kilio katikati. Bi Fatma akamvua viatu, kimoja kimoja, akamlisha uji kama mtoto.

Jioni Mama alifungua Biblia palepale. Alipofika kwenye bahari, sauti ikamkatika. Alibaki na kidole juu ya mstari. Nami, niliyekuwa nikiipigania bahari ile peke yangu, nikasikia mdomo wangu ukisema "Amina" kwa niaba yake.

Miaka mingi nilidhani unabii ni habari ya vitakavyoangamia. Sasa naamini kila mtu huusoma kwa kile kinachomtenga na wake. Mama hakuwa akiuombea ulimwengu mwisho. Aliomba kitu kimoja tu kiishe. Leo yeye yuko Unguja, hataki kuliacha kaburi la Baba, nami niko ng'ambo ya bahari. Nikifika mstari ule nausoma polepole, na sauti ninayoisikia ni yake.

Bahari ilitulia siku mbili baada ya maziko ya Bibi, na Mama akapata boti. Mimi nilibaki kwa ajili ya shule. Bi Fatma alinishika bega, Mama akaniinamia akanifunga kifungo cha shati ambacho tayari kilikuwa kimefungwa.

"Msalimie Bibi," nilimwambia, kwa mazoea.

Hakunisahihisha. "Nitamsalimia," alisema, akachukua mkoba, akatoka, na mlango ukafungwa nyuma yake.